Kompyuta ya steshenari isishinde kwenye akaunti ya admini

Steshenari yangu iko Nyegezi, Mwanza, si mbali na stendi. Wanaoingia ni wanachuo wa kuprinti, wazazi wanaotafuta matokeo ya NECTA, na vijana wa kuomba mkopo HESLB dirisha likifunguliwa. Kila mtu na flashi yake, na wenzangu mnazijua hizo flashi: unafungua, mafaili yote yamegeuka shotikati.

Miaka yote nilitumia akaunti moja, ile niliyoanza nayo siku ya kuwasha Windows. Akaunti ya kwanza huwa admini, yaani yenye mamlaka ya kubadili chochote kwenye kompyuta. Tangu Windows Vista, programu ikitaka kugusa mfumo wenyewe, skrini inauliza kwanza. Lakini ukiwa admini, jibu ni kubonyeza ndiyo tu. Mteja mmoja alitaka kuangalia mpira, ukurasa ukamwambia apakue plea, programu ya kuchezea video. Mimi nabaindi ripoti ya mtu, yeye akabonyeza ndiyo, kirusi kikaingia. Nilipiga Windows upya, na wateja wa siku mbili wakaenda kwa jirani.

Sasa nafanya hivi. Usianze kwa kuishusha akaunti yako, maana ikibaki bila admini hata mmoja umejifungia nje. Fungua setingi, nenda akaunti, kisha watumiaji wengine, ongeza mtu. Itakuomba barua pepe. Chagua kwamba huna taarifa zake, halafu uongeze mtumiaji asiye na akaunti ya Microsoft. Ya kwangu nimeiita Bosi. Ipe nenosiri, badili aina yake iwe admini. Toka, ingia kama Bosi uhakikishe inafungua. Hapo ndipo unaigeuza ile ya zamani kuwa ya kawaida, isiyo na mamlaka ya admini. Mafaili yako, picha ya ukutani, vyote vinabaki palepale.

Wateja nimewatengenezea akaunti yao, nayo ya kawaida. Hii usiiruke. Kirusi kikiingia kwenye akaunti ya kawaida hakifiki kirahisi kwenye mfumo, ila mafaili ya akaunti hiyo kinayafikia, pamoja na manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye brauza. Kwa hiyo CV za watu na hesabu zangu hazikai upande wa wateja, na nakala ziko kwenye diski ninayoichomoa jioni. Usishangae pia ukikuta mtu kasakinisha Chrome bila kukuomba ruhusa: baadhi ya programu hujiweka ndani ya folda ya mtumiaji tu.

Kero ipo. Ukileta printa mpya, draiva, yaani programu ya kuiendesha, itadai nenosiri la Bosi. Mwanzoni binti ninayefanya naye kazi alikuwa akinipigia hata nikiwa Mwaloni nanunua dagaa.

“Dada, inadai nenosiri.”

“Kuna kitu unasakinisha?”

“Hapana, nimefungua barua pepe ya mteja tu.”

“Basi bonyeza hapana, na hiyo barua ifunge.”