Kumtayarisha farasi wa polo siku ya mchezo: hatua kwa hatua, na bandeji kwa kirefu

Jumamosi iliyopita nilikuwa Gilgil, Kenya, nikimwelekeza kijana aliyetoka kwenye mabanda ya farasi wa mbio kule Ngong. Farasi anawajua: kulisha, kusugua na kutembeza hakuna wa kumfundisha. Lakini alipofika kwenye miguu na mkia mikono ilisita. Nilimwonyesha mara tatu, kisha nikamwahidi kumwandikia. Nayaweka hapa ili na wewe saisi, mtunza farasi unayeanza, uyapate.

Farasi wa polo, mchezo wa kupiga mpira kwa fimbo ukiwa juu ya farasi, tunawaita poni, yaani farasi wadogo, ila jina lisikupoteze. Kikomo cha urefu kiliondolewa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na wengi wa leo wana sentimita 150 hadi 160 begani. Wengi ninaowahudumia mimi walikimbia mbio kwanza, ndipo wakafundishwa polo. Mchezo huenda kwa vipindi vya dakika 7 hivi, tunavyoviita chaka, neno lililotoka India na lenye maana ya mzunguko. Farasi akimaliza chaka moja hupumzishwa kabla ya kuingia tena, kwa hiyo mchezaji mmoja huja na farasi kadhaa. Ukipewa wanne, umepewa miguu 16 ya kufunga.

Hatua ya 1: Asubuhi

Kabla ya kushika brashi, shika miguu. Teremsha kiganja toka goti hadi kwato, mguu mmoja baada ya mwingine, ukilinganisha wa kushoto na wa kulia. Joto upande mmoja tu, au uvimbe usiokuwepo jana, mwambie mwenye farasi sasa hivi, usingoje uwanjani. Nafaka iishe saa tatu au nne kabla ya mchezo. Maji yabaki. Chokonoa kwato, tikisa viatu uone kama kuna msumari uliolegea.

Hatua ya 2: Nywele za shingo

Zinyolewe zote siku moja au mbili kabla, zisije zikajisokota kwenye hatamu na fimbo.

Hatua ya 3: Bandeji

Hapa twende polepole.

Mguu wa farasi chini ya goti hauna nyama. Kuna mfupa mbele, kano nyuma, na ngozi juu yake. Mpira wa polo ni mgumu, fimbo zinapishana hapo chini, na kwato za farasi wengine zinakuja kwa kasi. Ndiyo maana kanuni za mchezo zinataka miguu yote minne ikingwe. Kano ikijeruhiwa huponywa kwa miezi, na wengine hawarudi uwanjani kamwe. Bandeji humkinga farasi na kipigo, lakini ikifungwa vibaya yenyewe ndiyo inayoumiza, kwa kubana kano kwenye mstari mmoja.

Mwaka wangu wa kwanza nilitaka kuonekana hodari. Mchezo ulikuwa saa tisa mchana, mimi nikafunga farasi wote saa tatu asubuhi. Katika chaka ya pili bandeji moja ilifunguka, ikaburutwa nyuma ya farasi, mwamuzi akapuliza filimbi na kila mtu akasimama akinitazama nikikimbia kuingia. Hiyo haikuwa mbaya kuliko zote. Farasi mwingine nilikuwa nimemzungushia juu ya bandeji tepu ya fundi umeme, nikaivuta kwa nguvu, pete juu ya pete. Jioni nilipofungua nilikuta mfereji umechorwa nyuma ya mguu kama uliofungwa kamba, na chini yake uvimbe. Mwenye farasi hakunigombeza. Alinishika mkono, akauweka pale nisikie joto lenyewe. Farasi alikaa wiki sita bila kucheza. Usiku ule saisi mzee wa pale alinipa bandeji moja na nguzo ya uzio, akaniambia nifunge na kufungua mpaka mkunjo wa mwisho ulingane na wa kwanza. Tulimaliza saa tano za usiku.

Alichonifundisha mzee ni hiki.

Mguu uwe safi na mkavu. Vumbi la Gilgil ni laini kama unga, huwezi kuliona kwenye manyoya meupe, na chembe zake chini ya bandeji husugua ngozi kama msasa. Usitosheke na brashi, pitisha kitambaa kisha kiganja.

Bandeji isokotwe mapema, velkro (kile kifungo cha kunata) ikiwa ndani ya msokoto, ili ukifika mwisho ijitokeze upande unaotakiwa. Isokote ibane. Iliyosokotwa legelege huwezi kuipa mvuto ulio sawa.

Chuchumaa. Usipige goti wala usikae chini, hata kama farasi ni mpole na umemlea mwenyewe. Akishtuka, aliyechuchumaa ataruka, aliyepiga goti atakanyagwa.

Weka pedi ya pamba kuzunguka mguu, isiwe na mkunjo hata mmoja, na ukingo wake uangukie ubavuni, usiangukie juu ya kano. Ichungulie kidogo juu na chini ya mahali bandeji itakapoishia.

Sasa mwelekeo, ambao kijana wangu alikuwa anaukosea. Unapita mbele, unakwenda nje, unazunguka nyuma, unarudi kwa ndani. Mbele, nje, nyuma, ndani. Mguu wa kushoto na wa kulia vinafuata mpangilio huo huo, kwa hiyo mikono yako itazunguka kinyume unapohama upande. Vuta unapopita mbele, kwenye mfupa. Unapopita nyuma, juu ya kano, laza tu bandeji, usivute.

Anza chini kidogo ya goti, teremka, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Ukifika kwenye kifundo kilicho juu ya kwato, pita chini ya nyuma yake na urudi juu ili mbele pabaki umbo la V. Umbo hilo linakiachia kifundo nafasi ya kukunjika. Ukikifunga kama bomba, farasi akikunja mguu kwa kasi bandeji itashuka yote. Kisha panda kwa mvuto ule ule hadi ulipoanzia.

Ingiza kidole kimoja juu, kisha chini. Kiingie, lakini kwa shida kidogo. Kikiingia kwa urahisi, fungua. Kisipoingia, fungua. Na kama juu kimeingia na chini kimegoma, fungua vile vile, kwa sababu mvuto haukuwa sawa. Najua mwenye farasi anaita na kengele inakaribia. Fungua.

Mwisho wa bandeji ukae upande wa nje wa mguu. Juu ya velkro weka tepu, lakini ipande kwa mshazari kama mstari wa kwenye parafujo, usiirudishe pete juu ya pete. Mimi tepu ya fundi umeme siitumii tena mguuni. Ukiivuta wakati wa kufunga inaendelea kujikaza baada ya wewe kuondoka. Tepu ya kitambaa ndiyo ninayoiamini, nayo naizungusha bila kuivuta. Utaona masaisi wengi wazuri bado wanatumia ya plastiki, na kwa mkono mzoefu haileti shida. Kwa anayeanza, ikatae.

Kuhusu bandeji zenyewe: za manyoya laini ni nzuri machoni na huvumilia makosa ya mkono, lakini zinanywa maji. Nyasi zikiwa na umande au mvua imenyesha, huwa nzito na kuteleza. Mimi hupendelea za kunyumbuka, juu ya pedi nzuri. Zinataka ustadi zaidi kwa sababu ni rahisi kuzikaza kupita kiasi, ndiyo maana nakutuma kwenye nguzo ya uzio kwanza. Na bandeji iliyolowa usiiache ikakaukia mguuni, kwani huweza kubana ikikauka.

Muda: funga nusu saa kabla ya farasi kuingia, usifunge asubuhi kama nilivyofanya mimi. Ukiwa na farasi wanne, anza na wa chaka ya kwanza, na wa tatu na wa nne waendelee kupumzika miguu mitupu. Juu ya bandeji mvalishe kinga ngumu. Kisha mtembeze hatua 20. Miguu ya nyuma atainyanyua juu mno mwanzoni, kama anayevuka matope, kwa sababu anaisikia bandeji. Huisha baada ya hatua chache. Asiyeacha, fungua uangalie.

Hatua ya 4: Mkia

Chana, gawa mafungu matatu, suka toka mahali mfupa wa mkia unapoishia, kunja msuko kwenda juu, funga. Lengo ni kwamba fimbo isinaswe. Msuko wenyewe unaweza kuukaza utakavyo. Sehemu yenye mfupa ndani usiikaze, maana damu ikizuiwa hapo kwa muda mrefu ngozi hufa. Hapa tepu ya fundi umeme naikubali, ila juu ya nywele tu.

Hatua ya 5: Tandiko na hatamu

Unajua kutandika. Nyongeza ya polo ni mkanda wa pili unaopita juu ya tandiko lenyewe kuzunguka tumbo, ili mkanda wa chini ukikatika mchezaji asianguke. Usimpeleke farasi uwanjani bila huo. Lijamu, chuma cha mdomoni, apewe ile aliyofundishwa nayo. Mchezaji akiomba kali zaidi dakika ya mwisho, mpeleke kwa mwenye farasi.

Hatua ya 6: Kati ya chaka

Una dakika 3 hivi. Farasi anayefuata awe amesimama tayari, mikanda imekazwa. Anayetoka, legeza mkanda, mtembeze, na pitisha mkono miguuni kabla ya kitu kingine chochote.

Hatua ya 7: Baada ya mchezo

Mkia na bandeji vifunguliwe mara moja, kabla ya chai, kabla ya kutazama kombe likitolewa. Kisha maji. Wazee wengi walikataza maji baridi kwa farasi mwenye joto, wakisema misuli itakaza. Jambo hili lilichunguzwa sana kabla ya Olimpiki ya Atlanta ya mwaka 1996, kwa sababu ya joto la kule, na ikaonekana maji baridi yanamsaidia farasi. Mmwagie mwili mzima, endelea kumwaga, mtembeze kivulini, mwagia tena. Kunywa naye anywe. Mimi humpa ndoo mara kwa mara kidogo kidogo.

Hesabu mapigo ya moyo chini ya taya, kwenye mshipa unaopita juu ya mfupa: sekunde 15, zidisha kwa 4. Farasi aliyetulia huwa na 28 hadi 44. Zikipita dakika 20 tangu atoke na bado yuko juu ya 60, mimi namwita daktari wa mifugo. Hali kadhalika akigoma kula au akitazama tumbo lake.

Kesho yake asubuhi rudi kwenye hatua ya 1: kiganja toka goti hadi kwato, kisha mtu amkimbize polepole kwenye ardhi ngumu nawe utazame kichwa. Kikiinama na kuinuka kwa mpigo usio sawa, kuna mguu unaouma. Akiwa salama, mrudishe malishoni, fua bandeji, zianike kivulini, na zikikauka zisokote velkro ikiwa ndani.