Mambo ya kuzingatia kabla ya kuipa mota ya mashua betri ya lithiamu

Mvuvi aliyezoea mota ya umeme anaijua dalili ya betri ya risasi, ile ya kawaida yenye asidi, inayoelekea kuisha. Mlio wa propela unashuka, mashua inaanza kujikokota, naye anajua saa ya kugeuza omo kuelekea pwani imefika. Betri ya lithiamu haitoi dalili hiyo. Inasukuma kwa nguvu ileile tangu alfajiri, kisha inajikata na mota inanyamaza papo hapo. Wauzaji husifu wepesi wake na umri wake mrefu, na sifa hizo ni za kweli, lakini kwa mtu anayekwenda majini badiliko kubwa ni hili la kuishiwa bila taarifa. Maandalizi yaanzie hapo.

Betri inayofaa mashua ni ile ya lithiamu, chuma na fosfeti, ambayo ubavuni huandikwa LiFePO4 au LFP. Seli yake moja ina volti 3.2, na seli nne zikiungwa kwa mfululizo zinatoa volti 12.8. Ikijaa na kutulia husoma volti 13.3 au zaidi kidogo, na ikifika nusu bado iko karibu na 13.1. Nusu ya umeme imekwenda na kipimo cha volti hakijashtuka. Mwishoni kabisa ndipo volti zinaporomoka, na kidhibiti kilichomo ndani ya kasha, kile kinachoandikwa BMS, hukata umeme ili seli zisiharibike. Kwa sababu hiyo, vile vitaa vya chaji vilivyo kwenye mota nyingi, vilivyotengenezwa kwa kufuata tabia ya betri za risasi, havifai tena kutegemewa. Vitakuonyesha betri imejaa hadi karibu na mwisho.

Basi pamoja na betri, nunua kipimo kinachohesabu ampea, yaani kiasi cha umeme, zinazoingia na zinazotoka. Hufungwa kwenye upande wa hasi, na kila waya wa hasi lazima upite kwake. Ukiacha hata mmoja, wa taa au wa kipima samaki, hesabu itakuwa ya uongo. Chaji betri ijae kabisa, kisha ukiambie kipimo kuwa hapo ndipo asilimia 100. Betri nyingine zina kipimo ndani yake na husomwa kwa simu. Ni jambo zuri, ila mimi napendelea chenye kioo chake mwenyewe, kilichofungwa pale unapokaa, kwa sababu simu hubaki mfukoni ukiwa umeshika mshipi kwa mikono miwili.

Kisha fanya hesabu ukiwa bado nchi kavu. Mota ya volti 12 yenye msukumo wa ratili 55, yaani kama kilo 25, hula takriban ampea 50 ikikimbizwa hadi mwisho. Betri ya ampea-saa 100, yaani ampea zikizidishwa kwa saa, itaiendesha saa mbili hivi. Mota hiyohiyo ikienda polepole kwa ampea 12 itafanya kazi zaidi ya saa nane. Tofauti hii inatokana na maji yenyewe: nguvu inayohitajika kusukuma chombo hupanda haraka mno kuliko mwendo, kiasi kwamba ukipunguza mwendo kwa nusu, nguvu inayohitajika hushuka hadi karibu sehemu moja ya nane. Anayetaka kurambaza kutwa nzima atafaidika na mkono mwepesi kwenye kasi kuliko na betri kubwa zaidi.

Lakini hesabu ya ufukoni ni ya maji matulivu. Ukitoka upepo ukiwa nyuma yako ukatumia ampea-saa 20 kufika kwenye mwamba wako, usijiambie kwamba zitatosha 20 nyingine kurudi. Kurudi kwa upepo wa mbisho, mkondo nao ukiwa kinyume, kunaweza kula mara mbili ya hizo au zaidi, maana mota inafanya kazi yote na mashua haisogei kwa kiasi hicho. Mpango ninaouamini ni huu: theluthi ya betri kwa kwenda na kuvua, theluthi kwa kurudi, na theluthi ya mwisho haiguswi. Theluthi ya kwanza ikiisha samaki ndiyo kwanza wanaanza kula, geuza. Tena kasia ziwemo ndani ya mashua kila siku, hata siku ambayo bahari ni kama kioo. Betri iliyojikata kwa kuishiwa mara nyingi haiamki mpaka ipate chaja, na chaja haiko baharini.

Tukija kwenye kuchagua betri, watu wengi hutazama ampea-saa tu. Tazama pia ampea ambazo kidhibiti kinaruhusu zitoke kwa mfululizo. Betri ndogo yenye kikomo cha ampea 50 ukiifunga kwenye mota inayokula ampea 50, umeiweka ukingoni. Propela ikinasa majani au kipande cha wavu, ampea zinaruka, kidhibiti kinakata, nawe umesimama katikati ya mkondo. Acha nafasi ya kutosha. Kwa mota hiyo, kikomo cha ampea 80 au 100 kinaleta utulivu. Uliza pia kama betri imefaulu majaribio ya UN 38.3, yanayotakiwa kwa betri za lithiamu zinazosafirishwa. Muuzaji asiyeweza kuonyesha karatasi hiyo, mwache.

Kuna wanaookota seli za baiskeli za umeme au za magari na kujitengenezea betri. Kwa mashua, nawasihi wasifanye hivyo. Nyingi za seli hizo ni za kemia nyingine, yenye nikeli na kobalti, ambayo hubeba umeme mwingi kwa uzito mdogo lakini huanza kujiunguza yenyewe kwa joto la chini kuliko LFP. Katika LFP, oksijeni imeshikwa imara na fosforasi, haitoki kwa urahisi kulisha moto. Kemia hii ilitokana na kazi ya John Goodenough na wenzake katika Chuo Kikuu cha Texas, iliyochapishwa mwaka 1997, na usalama wake ndio uliofanya ikubalike kwenye vyombo vya majini. Hata hivyo nayo huweza kutoa moshi wenye sumu na unaowaka ikiumizwa vibaya, na kwenye mashua hakuna mlango wa kukimbilia.

Mota kubwa zaidi huhitaji volti zaidi: zile za ratili 80 kwa kawaida ni za volti 24, na za ratili 112 ni za volti 36. Unaweza kuunga betri mbili au tatu za volti 12 kwa mfululizo, mradi mtengenezaji anaruhusu, ziwe za aina moja, ukubwa mmoja na umri mmoja, na kila moja iwe imechajiwa peke yake hadi kujaa kabla ya kuungwa. Ukiweza kupata betri moja yenye volti zote, ni rahisi zaidi. Kuchanganya lithiamu na risasi katika mfululizo mmoja ni marufuku.

Waya ndizo zinazodharauliwa kuliko vyote. Chukua mota ile ya ampea 50, ikiwa omo, na betri ikiwa tezi, mita tano kutoka hapo. Umeme unakwenda mita tano na kurudi mita tano. Kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 6, utapoteza karibu volti moja na nusu njiani, na zaidi ya wati 70 zitageuka kuwa joto ndani ya waya, chini ya mbao, mahali usipopaona. Kwa waya wa milimita 16 unapoteza kama nusu volti. Kwa milimita 25 ni theluthi moja tu ya volti. Usiutumie waya wa zamani kwa sababu tu ulikuwapo. Upime unene wake. Shaba iwe imepakwa bati ikiwezekana, maana shaba tupu kwenye chumvi hugeuka kijani na kisha nyeusi kuanzia kwenye ncha, na kutu hiyo hutambaa ndani ya ganda la plastiki bila kuonekana. Vichwa vya waya vibanwe kwa koleo lake maalumu, si kusokotwa wala kufungwa kwa gundi ya karatasi.

Ukimaliza kufunga, iendeshe mota kwa kasi kubwa kwa dakika kumi mashua ikiwa imefungwa gatini, izime, kisha pitisha kiganja kwenye kila kiungo: kichwa cha chanya, cha hasi, fyuzi, soketi ya mota. Vyote viwe na uvuguvugu unaolingana. Kimoja kikiwa cha moto kuliko wenzake, hapo pamelegea au pamebanwa vibaya. Jaribio hili halihitaji chombo chochote, na ni kosa kulipita.

Fyuzi au sakiti breka si hiari. Lithiamu ikikutanishwa chanya na hasi humwaga umeme mwingi mno kwa mpigo, kiasi cha kuyeyusha spana. Kwa mota ya ampea 50, breka ya ampea 60 ndiyo inayopendekezwa kwa kawaida, nayo ikae karibu na betri, si karibu na mota, kwa sababu inailinda waya yote. Viwango vya ABYC, baraza la boti na yati la Marekani, hutaka iwe ndani ya sentimita 18 hivi kutoka kwenye kichwa cha betri, isipokuwa kama waya umelindwa zaidi kwa ganda au bomba lake.

Soma pia kitabu cha mota. Kwa kuwa volti za lithiamu hazishuki, mota iliyozoea kupumzishwa na betri inayochoka sasa inasukumwa kwa nguvu kamili muda wote, na wapo watengenezaji wanaotaka usizidishe asilimia 85 ya kasi kwa muda mrefu. Ukiwa hapo, fungua propela utazame nyuma yake. Mshipi mwembamba hujizungusha kwenye ekseli, ukakata mpira unaozuia maji, na mota inayoingiza maji hula ampea nyingi kabla haijafa.

Chaja ya zamani huenda isifae. LFP ya volti 12 hutaka kuchajiwa hadi kati ya volti 14.2 na 14.6, kisha iachwe. Chaja za risasi zenye hatua ya kufufua betri hupandisha zaidi ya volti 15, na hapo kidhibiti hukata, au seli huumia. Usichaji kukiwa na baridi chini ya nyuzi 0, kwa sababu lithiamu hujiganda kama metali ndani ya seli na uharibifu huo haurudi nyuma. Betri nzuri hujizuia yenyewe, lakini hakikisha. Na ukitaka kuichaji kutoka kwenye injini ya mafuta ukiwa safarini, weka chaja ya kati inayodhibiti ampea. Bila hiyo, lithiamu hunyonya kila ilichonacho altaneta, ile jenereta ya injini, mpaka ikaungua, na kidhibiti kikikata ghafla, kishindo cha volti kinaweza kuua diodi zake. Betri ya kuwashia injini ibaki peke yake, isiguswe na mota, ili njia ya pili ya kurudi iwepo.

Kuhusu mahali pa kuiweka: IP67 maana yake kasha lilistahimili kuzamishwa mita moja kwa dakika 30 katika maji ya majaribio. Haimaanishi likae ndani ya ngama, yale maji yanayotuama chini ya mashua. Liinue juu ya sakafu, lifungwe kwa mkanda lisiruke mashua inapopiga wimbi, na lipate hewa, kwani sanduku lililofunikwa juani hupata joto kuliko betri inavyopenda. Na kwa kuwa umetoa risasi ya kilo karibu 30 ukaweka lithiamu ya kilo 12 hivi, mashua haitakaa majini kama zamani. Iliyokuwa na betri mbili tezi itainua tezi na kuzamisha omo. Zunguka nayo karibu na pwani kwanza, na mzigo wa kawaida ukiwemo, kabla ya kwenda mbali.

Betri ikivimba, ikitoa harufu tamu isiyo ya kawaida au ikizomea, usiichaji wala usiingie nayo mashuani. Ikitokea ukiwa majini, kata mota, vaa boya, kaa upande upepo unakotoka, na kama kuna moto mwagia maji mengi mfululizo ili kuipoza. Kuzima mwali tu hakutoshi, kwa sababu joto lililo ndani huuwasha tena. Hakikisha kila aliyemo mashuani analijua hili kabla hamjaondoka.

Msimu wa kuvua ukiisha, usiiache ikiwa imejaa wala ikiwa tupu. Iache kwenye asilimia 50 hivi, toa waya zote, maana hata kitaa kidogo kilichosahaulika huimaliza kwa wiki kadhaa, na kila baada ya miezi miwili au mitatu isome kwa kipimo chako. Kabla ya safari ya kwanza ya msimu mpya, ijaze kabisa, weka tena asilimia 100, na urudie lile jaribio la kiganja.