Somo: Kutengeneza usukani mpya wa mashua ndogo ya tanga

Naandika somo hili kwa sababu swali la usukani uliovunjika limenifikia mara nyingi mno, na jibu huwa lile lile. Linahusu mashua ya mita nne au tano, yenye tezi (sehemu ya nyuma) bapa, ambayo usukani wake huning'inia nje kwa rumada mbili, yaani bawaba za usukani.

Chora kiolezo kwenye karatasi ngumu kwa kufuata usukani wa zamani, hata kama umebaki vipande. Ikiwa umepotea baharini, pima umbali kati ya rumada ya juu na ya chini, kisha hadi usawa wa mkuku, yaani uti wa chini wa chombo. Usukani usishuke chini ya mkuku, kwani bamvua ikikupwa na chombo kikakaa mchangani, uzito wote utauelemea.

Tumia mvule mkavu. Pasua vipande vyembamba, geuza kila cha pili ili miviringo ya ukuaji ielekee upande wa pili, uviunganishe kwa epoksi, gundi inayochanganywa na kigandishi. Ubao mmoja mpana hupinda. Vaa barakoa, kwa maana vumbi la mvule hudhuru mapafu.

Kata umbo, kisha piga randa. Kwa upana wa mm 250, unene wa mm 30 unatosha, na mahali panene zaidi pawe yapata mm 75 kutoka ukingo wa mbele. Ukingo wa mbele uwe mviringo, wa nyuma uwe mwembamba na uliokatwa mraba, kwani ukiuacha mnene na mviringo, kana (mpini wa usukani) itatetemeka mkononi. Sehemu inayobeba rumada iache bapa.

Sasa rumada, na hapa naomba usome polepole. Pitisha fimbo moja ya chuma iliyonyooka katika rumada jike (zenye tundu) zote mbili za tezi, ndipo upange rumada dume (zenye pini) za usukani kwa kuifuata fimbo hiyo, wala usiamini jicho. Rumada zikipishana hata kidogo, usukani utaingia ukisukumwa na utageuka vizuri nchi kavu, lakini utakaza upepo unapovuma, pini itakula tundu lake, na hatimaye bolti zitalegea katika ubao wa tezi na maji yataanza kuingia. Ukisharidhika, toboa tundu la mm 12 kwa bolti ya mm 8, lijaze epoksi iliyochanganywa na unga wa kujazia, subiri igande kabisa, kisha toboa upya mm 8 katikati yake. Hivyo bolti hupita ndani ya epoksi, na maji hayafikii nyuzi za mti, ambako uozo huanzia. Rumada za shaba zifungwe kwa bolti za shaba, kwa maana bolti za chuma cha kawaida zitaliwa na chumvi. Pini ya chini iwe ndefu kuliko ya juu, ili uiingize kwanza ukiwa majini, kisha uilenge ya juu. Mwisho, weka kishikizo juu ya rumada, kwa kuwa usukani wa mbao huelea, na chombo kikipinduka utachomoka.

Piga msasa, paka epoksi matabaka matatu, kisha rangi, kwani jua huiharibu epoksi iliyo wazi.

Swali: Plaiwudi ya kawaida inafaa?

Jibu: Haifai. Gundi yake huachia ikilowa. Tafuta ile ya baharini.

Swali: Mimi nimetoboa mm 8 moja kwa moja na kupaka vanishi ndani ya tundu. Si sawa tu?

Jibu: Si sawa. Sababu imeelezwa hapo juu. Tafadhali soma aya ya rumada kabla ya kufunga bolti.

Swali: Shikamoo fundi. Epoksi yangu ilichemka ndani ya kikombe ikatoa moshi, ingawa nilipima kwa uangalifu. Kosa liko wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na umeuliza vizuri. Epoksi hutoa joto inapoganda, na ikiwa nyingi ndani ya kikombe kirefu, joto hilo halina pa kutokea, kwa hiyo hujichochea yenyewe. Changanya kidogo kidogo, imwage mara moja kwenye sahani pana, na fanya kazi alfajiri. Usijaribu kubadili uwiano wa kigandishi ili kuichelewesha, kwani itabaki laini.

Swali: Ahsante sana. Na kana, je, niifunge moja kwa moja kwenye kichwa cha usukani?

Jibu: Ipitishie bolti moja ya mlalo ili iweze kuinuka. Utapata nafasi ya kupita unapogeuza chombo, na mashua ikiwa imefungwa gatini, kana haitakuwa njiani mwa wanaopakia.