Kuzungumza Redioni Ukirusha Ndege Ndogo Kati ya Meru na Kilimanjaro: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Wanafunzi wengi wa urubani hapa Arusha huihofia redio kuliko wanavyohofia kutua, na sababu yake haifichiki: kosa la kutua huonwa na mwalimu aliyeketi kando yako, ilhali kosa la redioni husikiwa na kila aliye hewani, tangu rubani wa Caravan, ndege ndogo ya abiria, anayetoka Seronera huko Serengeti hadi mwongoza ndege aliye mnarani. Mwongozo huu ni wa anayerusha ndege ya injini moja, na pia wa rubani wa glaida, yaani ndege isiyo na injini. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya kazi ya redio hukamilika kabla kidole hakijagusa kitufe. Mifano ya maneno nimeiacha kwa Kiingereza kwa kuwa ndivyo yasemwavyo hewani, na shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, linamtaka rubani wa safari za kimataifa awe na angalau ngazi ya 4 kati ya 6 katika lugha hiyo ya redioni.

Hatua ya kwanza: fahamu sauti yako inafika wapi

Redio za ndege hutumia masafa ya VHF, kuanzia megahezi 118 hadi 136.975, na mawimbi yake husafiri kwa mstari ulionyooka. Ukitaka kukadiria umbali yanakofika, tafuta kipeuo cha pili cha kimo chako kwa futi, kisha uzidishe kwa 1.23, jibu ni maili za baharini. Katika futi 1,000 juu ya ardhi utapata takribani maili 39, na katika futi 10,000 utapata 123.

Hesabu hiyo, hata hivyo, ni ya nchi tambarare. Kwetu kuna Meru yenye mita 4,562 na Kilimanjaro yenye mita 5,895, na milima haipitishi mawimbi haya. Aliye chini upande wa Ngare Nanyuki ana Meru nzima kati yake na mnara wa uwanja wa ndege wa Arusha ulioko Kisongo, hivyo kuongeza sauti hakumsaidii kitu. Apande ikiwa hali inaruhusu, asogee hadi mlima usiwe katikati, au aombe ndege iliyo juu zaidi imfikishie ujumbe wake.

Hatua ya pili: andaa redio ukiwa chini

Andika kwenye karatasi ya gotini masafa yote utakayohitaji, ukiyachukua kutoka chapisho rasmi la taarifa za anga la TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, na matangazo ya siku hiyo, wala si kutoka karatasi ya rafiki iliyokunjwa mfukoni tangu mwaka juzi. Washa redio baada ya injini kuwaka, kwa sababu mshtuko wa umeme wakati wa kuwasha injini unaweza kuiharibu. Fungua kizuia mvumo (squelch) ili usikie mvumo, rekebisha sauti, kisha ukifunge. Kipaza sauti kiguse mdomo au kiukaribie sana.

Kwenye glaida mambo ni tofauti kidogo, kwa kuwa hakuna jenereta na umeme wote unatoka kwenye betri. Redio inayosikiliza hula umeme kidogo, lakini inayorusha hula mara nyingi zaidi. Kwa hiyo betri ipimwe kitufe kikiwa kimebonyezwa, kwani betri iliyochoka huonekana nzima hadi hapo. Kabla ya kuzungumza, punguza mlio wa chombo kinachoonyesha kupanda na kushuka, na ufunge kidirisha cha hewa, la sivyo mnara utasikia upepo tu.

Kuhusu saa, anga yote hutumia UTC, yaani saa ya pamoja ya kimataifa, na hapa saa yetu ya Kiswahili inatupendelea: mchana, ongeza tatu tu. Saa nne asubuhi ni 0700 UTC, na saa kumi na mbili jioni ni 1500.

Hatua ya tatu: sikiliza, panga, ndipo ubonyeze

Ukihamia masafa mapya, sikiliza kwanza. Redio za ndege hutumia mfumo wa AM, na watu wawili wakizungumza kwa pamoja wengine husikia mlio wa kukwaruza badala ya maneno. Huko Tenerife, tarehe 27 Machi 1977, mlio wa namna hiyo ulifunika maneno muhimu kati ya mnara na ndege mbili aina ya Boeing 747 zilizokuwa kwenye ukungu. Ziligongana na watu 583 wakafa. Baada ya ajali hiyo, neno “take-off” lilibanwa, likatengwa kwa ajili ya ruhusa yenyewe ya kuruka au kufutwa kwake. Wakati mwingine wote tunasema “departure”.

Panga ujumbe wako hivi: unamwita nani, wewe ni nani, uko wapi, unataka nini. Bonyeza, subiri kidogo ili neno la kwanza lisikatwe, kisha sema:

“Arusha Tower, Five Hotel Alfa Bravo Charlie, Cessna one seven two, one zero miles south, altitude six thousand five hundred feet, inbound for landing.”

Jina la kituo usiliache kamwe. Arusha na KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, zote zina njia ya kurukia namba 09 na 27, na ziko umbali wa dakika chache tu angani. Jina la ndege nalo usilifupishe kuwa “Five Bravo Charlie” mpaka mwongoza ndege alifupishe yeye kwanza.

Hatua ya nne: rudia ulichoambiwa

Ruhusa ya kuruka, kutua, kuvuka au kuingia njia ya kurukia, amri ya kusubiri kabla yake, kimo, mwelekeo, masafa mapya, namba ya transponda (kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada) na QNH (kipimo cha kanieneo ya hewa cha kurekebishia altimita, chombo cha kupimia kimo) hurudiwa kikamilifu. “Roger”, yaani “nimepokea”, peke yake haitoshi, maana haimwonyeshi mwongoza ndege ulichosikia. QNH iliyokosewa kwa hektopaskali 10 huipotosha altimita kwa takribani futi 300, na karibu na miteremko ya Meru futi hizo si za kupoteza. Usiposikia vizuri, sema “say again”. Hakuna mwongoza ndege mwenye akili atakayekuchukia kwa hilo.

Hatua ya tano: kiwanja kisicho na mnara

Kwenye viwanja vya mbugani unawatangazia wote. Taja jina la kiwanja mwanzoni na mwishoni mwa tangazo, na useme mahali ulipo na unachokusudia. Rubani wa glaida atangaze mapema zaidi, kwa kuwa hawezi kughairi kutua akapanda tena. Akiwa bado anavutwa na redio ikafa, ndege inayomvuta ikitikisa mabawa, aachie kamba mara moja; ikitikisa usukani wa mkia, akague breki zake za hewa.

Hatua ya sita: redio ikinyamaza, au mambo yakiharibika

Irushe ndege kwanza. Kisha kagua sauti, masafa, plagi za hedseti na fyuzi, na urudi kwenye masafa ya awali. Ikishindikana, weka transponda 7600, tangaza nia yako hata kama husikii jibu, na uangalie taa za mnara: kijani isiyomweka ni ruhusa ya kutua, nyekundu isiyomweka ni kupisha wengine na kuendelea kuzunguka, nyekundu inayomweka ni kwamba kiwanja si salama. Mchana unajibu kwa kutikisa mabawa.

Kwenye hatari kubwa, sema “Mayday” mara tatu kwenye masafa uliyopo, ukiongeza jina la ndege, tatizo, nia, mahali, kimo na idadi ya watu. Usipojibiwa, hamia masafa ya dharura, 121.5. Namba ya transponda ni 7700. Kwa jambo la haraka ambalo bado si la kufa na kupona, “Pan-pan” mara tatu.

Hatua ya saba: funga safari

Ukitua mahali pasipo na mnara, piga simu ufunge mpango wa safari. Usipofanya hivyo, dakika 30 baada ya muda uliotarajiwa kufika kutahesabiwa kuwa na shaka juu ya usalama wako, na watu wataanza kukutafuta.