Jicho Jekundu: Hatua za Kutambua Linasumbuliwa na Nini

Wagonjwa wengi wanaoingia katika chumba cha macho ninamofanyia kazi huanza kwa kunieleza wekundu, ilhali wekundu ndiyo dalili inayonisaidia kidogo kuliko zote, kwa kuwa moshi, mzio, virusi na kidonda kikubwa vyote huliacha jicho likiwa jekundu. Ukijichunguza nyumbani, anzia kwingine.

Hatua ya 1: Pima kuona. Nawa mikono kwa sabuni, funika jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, kisha usome kalenda iliyo ukutani. Rudia kwa jicho la pili. Ukungu unaoondoka unapopepesa kwa kawaida ni tongotongo tu. Usipoondoka, au jicho likiuma kwa ndani, likikimbia mwanga, au likiwa na doa jeupe kwenye kioo chake (sehemu angavu ya mbele ya jicho), usiendelee na hatua nyingine: nenda hospitali siku hiyohiyo. Aliyechapwa jichoni na jani la mhindi asingoje hata kidogo, maana kidonda cha fangasi huanza hivyo, polepole.

Hatua ya 2: Tazama kinachotoka. Asubuhi, kabla ya kunawa uso, simama dirishani na kioo, uvute chini ukope wa chini. Machozi mepesi yanayoambatana na hisia ya mchanga, hasa baada ya mafua, huashiria virusi. Mara nyingi jicho moja hutangulia na la pili hufuata baada ya siku chache, kama walivyoona wengi Dar es Salaam katika mlipuko wa Januari 2024. Antibiotiki haiui virusi, kwa hiyo kitambaa safi cha maji baridi na taulo lako peke yako vinatosha hadi jicho litulie, kwa kawaida ndani ya wiki moja hadi tatu. Usaha mzito wa njano au kijani unaogandisha kope huelekeza kwenye bakteria. Kwa mtoto ambaye hajafikisha mwezi mmoja, usaha huo ni dharura, kwani huenda ni kisonono alichokipata wakati wa kuzaliwa, nacho kinaweza kutoboa kioo cha jicho.

Hatua ya 3: Pambanua kuwasha. Neno hili hutuchanganya, ndiyo maana huuliza: linawasha kama upupu au kama pilipili? Kama upupu, katika macho yote mawili, pamoja na ute unaovutika kama uzi, ni mzio. Kama pilipili, fikiria moshi, ukavu au kemikali. Kemikali ikiingia, suuza papo hapo kwa maji mengi safi kwa dakika 15 hadi 30, ndipo uende hospitali.

Chokea hujitambulisha chenyewe: kipele kinachouma ukingoni mwa ukope. Kikande kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, wala usikitumbue.

Usiazime dawa ya jirani. Baadhi ya dawa hizo zina steroidi, kemikali ya kutuliza uvimbe, ambayo huondoa wekundu kwa siku mbili tatu huku kidonda kikiendelea kuchimba chini yake.