SOMO: Vitabu vya chuo bila kumaliza pesa (soma lote ndipo uulize)

Wakuu, kila muhula unapoanza naulizwa lile lile: "Nimepewa orodha ya vitabu, mfukoni sina kitu, nianzie wapi?" Nimechoka kulijibu kipande kipande. Naliweka lote hapa, na atakayeniuliza tena nitamwelekeza huku.

1. Usinunue chochote kabla ya kipindi cha kwanza.

2. Muulize mhadhiri mambo matatu: kitabu ni cha lazima au cha ziada? Tutatumia sura zipi? Toleo la nyuma linafaa? Wengi wanaogopa kuuliza na uoga huo unawagharimu. Kitabu chenye sura 20 ambacho darasa litasoma 4 tu, hakuna sababu ya kukinunua.

3. Nenda maktaba. Mara nyingi vitabu vya kozi hutengwa pembeni, unasomea humo humo kwa saa chache. Kama hakipo, uliza kama wanaweza kukiazima kutoka maktaba nyingine. Uliza mapema, maana kinachukua muda kufika.

4. Tafuta vitabu huria. OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, inatoa vitabu vya kiada bure tangu 2012: fizikia, baiolojia, kemia, takwimu, uchumi, saikolojia. LibreTexts nayo ilianza na kemia mwaka 2008 na sasa ina masomo mengi. Open Textbook Library ya Chuo Kikuu cha Minnesota inakusanya vya wachapishaji mbalimbali. Leseni za OpenStax zinakuruhusu kupakua, kuchapa na kumgawia mwenzako, kwa hiyo huibi cha mtu. Hata kama mhadhiri ametaja kitabu kingine, sheria za Newton ni zile zile.

5. Toleo la nyuma. Hapa tulieni, maana hapa ndipo nilipoumia.

Mwaka wa kwanza nilipata toleo la nyuma la kitabu cha hesabu kwa bei ndogo sana. Nikafungua yaliyomo, sura zote ni zile zile, nikalipa kwa furaha. Wiki ya tatu nikarudishiwa asaimenti ina sifuri, na iliyofuata sifuri. Nilikuwa nimekokotoa maswali yote, tena kwa usahihi, ila hayakuwa maswali yaliyotolewa. Wachapishaji wakitoa toleo jipya mara nyingi maelezo hubaki karibu yalivyokuwa, ila mazoezi ya mwisho wa sura huhamishwa: swali la 12 linakuwa la 27, lingine linabadilishwa tarakimu, lingine linafutwa. Alama hazikurudi.

Kwa hiyo: USILINGANISHE YALIYOMO PEKE YAKE. Chukua toleo jipya la maktaba, fungua sura mbili tatu, linganisha mazoezi swali kwa swali. Yakitofautiana bado unaweza kununua la nyuma, ila kila wiki andika maswali yako kutoka nakala ya maktaba. Na kwa masomo yanayobadilika, kama sheria, kodi na dawa, toleo la nyuma liache kabisa. Huko kilichobadilika huwa ni maudhui yenyewe.

6. Namba ya kuingilia kwenye tovuti ya mazoezi, ile inayokuja na baadhi ya vitabu. Kwa kawaida hutumika mara moja tu. Kitabu kilichotumika kikiuzwa "pamoja na namba", chukulia kwamba namba imekwisha. Ulizia kama inauzwa peke yake, bila kitabu.

7. Ukinunua kilichotumika, tafuta kwa ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu, kila toleo lina yake), si kwa jina.

8. Kukodi kunafaa kwa kitabu usichokihitaji baada ya mtihani. Kipige picha siku unayokipokea, ili usije ukadaiwa michubuko iliyokuwepo.

MASWALI

Mwaka_wa_Kwanza: Mkuu ni ndefu sana. Kwa kifupi ninunue wapi?

Jibu: Hatua ya 1. Usinunue bado.

Mzalendo_B: Naomba PDF ya kitabu cha biokemia, nitumie inbox.

Jibu: Sisambazi nakala za wizi. Hatua ya 3 na ya 4.

Kidato_Juu: Mimi nilifuata huu ushauri wa toleo la nyuma, nikapoteza alama. Mngekuwa mnawaambia watu ukweli.

Jibu: Ndugu, aya ndefu kuliko zote hapo juu inaeleza hilo hilo, na nimeeleza nilivyoumia mwenyewe. Ulilinganisha mazoezi?

Kidato_Juu: Niliangalia yaliyomo.

Jibu: Basi ni kosa langu lile lile. Nenda maktaba leo, kopi maswali ya wiki zilizobaki. Bado unawahi.

Penseli2B: Samahani mkuu, nimepata kitabu cha zamani, ISBN yake ina tarakimu 10 na mwisho kuna herufi X. Ni feki?

Jibu: Swali zuri sana hili. Si feki. ISBN zilikuwa na tarakimu 10 mpaka mwisho wa 2006, kuanzia 2007 zikawa 13. Hiyo ya mwisho ni ya kuhakiki tu. Zidisha tarakimu ya kwanza kwa 10, ya pili kwa 9, endelea kushuka mpaka ya mwisho kwa 1, kisha jumlisha. Jibu lazima ligawanyike kwa 11 bila baki. Kuna wakati inahitajika kumi mahali pa tarakimu moja, ndipo wanaweka X, kumi ya Kirumi. Muuzaji akikutumia namba na hesabu ikagoma, ameikosea, mwombe picha ya ukurasa wa hakimiliki.

Penseli2B: Nimejaribu, imegawanyika! Na nikitaka ya tarakimu 13?

Jibu: Ondoa ya mwisho, tanguliza 978, kisha tafuta mpya ya kuhakiki: zidisha kwa 1, 3, 1, 3 mpaka mwisho, na jumla igawanyike kwa 10. Ukitafuta kwa namba zote mbili unapata wauzaji wengi zaidi.

Chumba_Namba4: Sisi tulichanga watatu kitabu kimoja. Usiku wa kuamkia mtihani tukakigombania.

Jibu: Pangeni zamu kwa maandishi siku mnayolipa, na wiki ya mtihani muipangie zamu yake. Mnaweza pia kugawana sura, kila mmoja akaandika muhtasari wa zake kwa ajili ya wote.

Mama_Wawili: Nyongeza: andikeni kwa penseli tu. Mimi nilifuta kurasa zote na aliyenunua hakuomba kupunguziwa.

Jibu: Asante dada. Na uzeni mara tu muhula unapoisha, toleo jipya likitoka bei inaanguka.