Kuseti mipangilio ya mfumo mzima kwenye routa ya Diameter: anza na subira ya anayeuliza

Simu ya 4G inapowashwa, MME (nodi inayosimamia simu kwenye mtandao) hutuma ombi kwa HSS (hifadhidata ya wateja) kuuliza mteja huyu ni nani na anaruhusiwa kufanya nini. Kwenye mtandao mkubwa ombi hilo halipiti moja kwa moja. Hupitia routa ya Diameter, itifaki inayobeba maombi ya aina hii. Routa hiyo huangalia linaelekea wapi, hulipeleka, kisha hurudisha jibu kwa njia ileile. Ukikosea mpangilio wa jirani mmoja, yaani nodi iliyounganishwa na routa hiyo moja kwa moja, ataumia jirani huyo peke yake. Ukikosea mpangilio wa mfumo mzima, wataumia wote kwa pamoja, na mara nyingi ni siku ambayo tayari kuna tatizo jingine. Kwa hiyo malizana na mipangilio hii kabla hujagusa jedwali la njia.

Nitatumia freeDiameter juu ya Linux, kwa sababu ni programu huria na unaweza kuijaribu kwenye mashine yako bila leseni. Routa za kibiashara zina mambo hayahaya, ila majina ya menyu ndiyo yanayotofautiana. Mifano inatumia MCC (namba ya nchi) 001 na MNC (namba ya mtandao) 01, zilizo za mitandao ya majaribio, pamoja na anwani za IP zilizotengwa kwa ajili ya nyaraka. Usizipeleke kwenye mtandao halisi.

Hatua ya 1: Pata subira ya kila anayeuliza

Usifungue faili lolote kwanza. Wafuate wanaosimamia MME, nodi za sera na nodi za kutoza, uwaulize swali moja: nodi yenu inasubiri jibu kwa sekunde ngapi kabla ya kukata tamaa? Andika jibu la kila kiolesura. Namba hiyo ndiyo mama wa mipangilio mingine yote, na cha kusikitisha ni kwamba wengi huitafuta mwishoni.

Tuseme MME inasubiri sekunde 6. Routa ina vipimo viwili vinavyohusika: inasubiri jibu la HSS kwa muda gani kwa kila jaribio, na inajaribu mara ngapi kabla ya kurudisha kosa. Zidisha hivyo viwili. Sekunde 2 mara majaribio 2 ni sekunde 4, na unabaki na sekunde 2 za safari na foleni. Hapo uko salama. Lakini ukiacha sekunde 5 na majaribio 3, routa itakuwa bado inahangaika na ombi kwenye sekunde ya 15, wakati MME ilishaondoka kwenye sekunde ya 6 na pengine imeshatuma ombi jipya. HSS iliyokuwa imechoka sasa inapokea la zamani na jipya kwa pamoja. Jibu la ombi la zamani likifika halina wa kulipokea, litatupwa. Hivi ndivyo hitilafu ndogo ya HSS moja inavyokua na kuangusha jozi nzima ya HSS.

Kama njia ina routa mbili, kwa mfano mteja akiwa kwenye mtandao wa nchi nyingine, saa ya routa iliyo karibu na HSS lazima iwe fupi kuliko ya ile iliyo karibu na MME. Zikilingana, zote mbili zitajaribu tena kwa wakati mmoja.

Idadi ya majaribio usiifanye moja kwa violesura vyote. Kuuliza tena taarifa za uthibitishaji hakuna madhara makubwa. Kutoza ni habari nyingine: ombi likifika mara mbili, salio linaweza kushikiliwa mara mbili. Ni kweli ombi linalorudiwa baada ya kiungo kukatika hubeba alama ya T, na seva ya kutoza inaweza kutambua nakala kwa kuangalia Session-Id pamoja na CC-Request-Number. Lakini "inaweza" haitoshi. Kama hujaona kwa macho yako seva yenu ikikataa nakala, weka jaribio moja tu kwenye kutoza.

Hatua ya 2: Utambulisho na saa ya mashine

Hili ni fupi lakini halisamehe. Kila routa iwe na Identity (jina) yake, hata zikiwa jozi inayofanya kazi moja. Realm (himaya) ndiyo inayoweza kuwa moja.

Kinachotokea mara kwa mara ni hiki: mtu anajenga routa ya kwanza, anakopi mashine pepe nzima (virtual machine) kutengeneza ya pili, na Identity inabaki ileile. Kila routa huongeza Route-Record yenye jina la jirani aliyeleta ombi, na ikipokea ombi huangalia kama jina lake mwenyewe limo humo. Ombi likitoka routa ya kwanza, likapita nodi moja ya kati, likafika routa ya pili, ya pili inaona jina "lake" na kujibu 3005, yaani mzunguko umegunduliwa. Utatafuta mzunguko kwenye jedwali la njia usiku kucha, na haupo.

Saa nayo isawazishwe kwa NTP kabla ya routa kuanza kufanya kazi. Mbali na logi, RFC 6733, kiwango cha Diameter, inaruhusu Origin-State-Id itokane na muda programu ilipowaka, na thamani hiyo inatakiwa kupanda tu. Mashine ikiwaka na saa iliyorudi nyuma, majirani hawatajua kwamba umepoteza hali ya vikao.

Hatua ya 3: SCTP kwenye kerneli

Hapa ndipo thamani za kawaida huumiza zaidi. Majirani wengi wa Diameter huunganishwa kwa SCTP, itifaki ya usafirishaji, yenye njia mbili, ili moja ikifa nyingine iendelee. Linux huja na rto_min (muda mfupi kabisa wa kusubiri kabla ya kurudia paketi) ya milisekunde 1000, rto_max (muda mrefu kabisa) ya 60000 na path_max_retrans (marudio yanayoruhusiwa kwa kila njia) ya 5. Fanya hesabu: njia ikifa, kerneli husubiri sekunde 1, kisha 2, 4, 8, 16 na 32 kabla ya kuitangaza imekufa. Jumla ni sekunde 63. Kama pf_enable ya kerneli, inayoiweka kando njia inayoshukiwa, imezimwa, muda wote huo ujumbe mpya hupelekwa kwanza kwenye njia iliyokufa, na kila mmoja husubiri muda wake uishe ndipo urudiwe kwenye njia nzima. MME yetu ina subira ya sekunde 6.

Kwanza hakikisha moduli inapakiwa mashine inapowaka, la sivyo mipangilio ya net.sctp haitakuwa na pa kukaa:

```
# /etc/modules-load.d/sctp.conf
sctp
```

Kisha:

```
# /etc/sysctl.d/60-sctp.conf
net.sctp.rto_min = 300
net.sctp.rto_initial = 1000
net.sctp.rto_max = 1000
net.sctp.path_max_retrans = 3
net.sctp.association_max_retrans = 6
net.sctp.hb_interval = 5000
```

Sasa njia ikifa ni sekunde 0.3, 0.6, 1 na 1, jumla 2.9. Angalia pia ile 6: kikomo cha muunganisho mzima kisizidi jumla ya vikomo vya njia zake, na hapa tuna njia mbili zenye 3 kila moja. Usishushe rto_min chini zaidi bila kupima. Upande wa pili unaruhusiwa kuchelewesha uthibitisho wa kupokea, na kwenye Linux ucheleweshaji huo ni milisekunde 200. Kwenye viungo virefu vya kimataifa hata 300 ni ndogo, kwa hiyo ongeza. La sivyo kerneli itaanza kurudia paketi ambazo zimefika salama.

Thamani hizi hushika kwenye soketi zinazofunguliwa baada ya kuziweka tu. Halafu programu ina haki ya kuweka zake juu ya hizi kwa kila soketi, na freeDiameter hufanya hivyo kwa baadhi. Kwa hiyo usiliamini faili, iulize kerneli inatumia nini:

```
cat /proc/net/sctp/assocs
cat /proc/net/sctp/remaddr
```

Faili la pili linaonyesha RTO na MAX_PATH_RTX za kila anwani ya jirani. Namba ukiiona hapo ndiyo inayofanya kazi.

Hatua ya 4: Faili kuu la routa

```
Identity = "dra1.epc.mnc001.mcc001.3gppnetwork.org";
Realm = "epc.mnc001.mcc001.3gppnetwork.org";
Port = 3868;
SecPort = 5658;
ListenOn = "192.0.2.11";
ListenOn = "198.51.100.11";
TcTimer = 10;
TwTimer = 10;
TLS_Cred = "/etc/freeDiameter/dra1.cert.pem", "/etc/freeDiameter/dra1.key.pem";
TLS_CA = "/etc/freeDiameter/ca.pem";
LoadExtension = "rt_default.fdx" : "/etc/freeDiameter/rt_default.conf";
LoadExtension = "acl_wl.fdx" : "/etc/freeDiameter/acl_wl.conf";
```

Mstari wa NoRelay usiwepo kabisa, maana huo huzima kazi yenyewe ya kupeleka ujumbe wa wengine. acl_wl ni orodha ya majirani wanaoruhusiwa kuunganishwa bila kutajwa mmoja mmoja. Iandike kwa ubahili.

TcTimer ni muda wa kusubiri kabla ya kujaribu kuunganisha tena na jirani aliyepotea. Kawaida ni sekunde 30, nami napendelea 10 ndani ya kituo kimoja.

TwTimer inahitaji maelezo. Kiungo kikikaa kimya kwa Tw, routa hutuma DWR kuuliza kama jirani yupo. Tw nyingine ikipita bila jibu, kiungo kinashukiwa na ujumbe unaosubiri huhamishiwa kwa jirani mwingine. Tw ya tatu ikipita, muunganisho hufungwa. RFC 3539 inapendekeza sekunde 30 na inakataza chini ya 6. Kwa 30 maana yake ni hadi dakika nzima kabla ya kuhama, na kwa 10 ni kama sekunde 20, kuongeza au kupunguza kidogo kwa kuwa kila Tw huchezeshwa sekunde 2 mbele au nyuma ili majirani wote wasiulizwe kwa pamoja.

Hata ukiweka 6, kuhama kunaweza kuchukua sekunde 12, na MME imeshaondoka. Kwa hiyo Tw haiokoi ombi lililokwisha kutumwa, huokoa yanayokuja. Anayeliokoa ni saa ya kila ombi tuliyoipigia hesabu kwenye hatua ya kwanza. Kwenye faili la juu hakuna mstari wake. Routa za kibiashara huwa na sehemu yake kwenye menyu ya mfumo mzima, na hiyo ndiyo ya kujaza kwanza.

Hatua ya 5: Utajibu nini ukishindwa

Routa ikikosa njia, lazima irudishe namba ya kosa, na wengi huiacha ilivyokuja. Isome kwa makini. Namba za 3000 ni makosa ya itifaki: routa iliyo nyuma yako ikiona 3002, yaani imeshindikana kufikisha, inaweza kujaribu njia nyingine. Namba za 5000 hurudi hadi kwa aliyeuliza na safari inaishia hapo. Kwa hiyo kukosa njia ni 3002, himaya (Realm) usiyoihudumia ni 3003, na kuzidiwa ni 3004.

Kamwe usiruhusu routa ijibu kwa niaba ya HSS kwamba mteja hajulikani, yaani 5001 ya 3GPP, shirika la viwango vya mitandao ya simu. Kiwango chake cha TS 29.272 kina jedwali la kugeuza makosa ya Diameter kuwa sababu inayotumwa kwenye simu, na hiyo hugeuka sababu namba 8. Simu ikipokea sababu hiyo huichukulia laini kuwa batili hadi izimwe na kuwashwa, au laini itolewe. Hitilafu yako ya dakika mbili itakuwa imeisha, lakini simu za wateja zitabaki zimekaa kimya na hakuna kitu utakachofanya kutoka upande wako kuziamsha.

Hatua ya 6: Kuzidiwa

Weka kikomo cha maombi kwa sekunde kilicho chini ya uwezo uliopimwa wa HSS, si wa routa. Routa ina nguvu kuliko inaowahudumia.

Ukianza kupunguza mzigo, punguza kwanza maombi ya kuanzisha vikao vipya. Maombi ya kufunga vikao yaache yapite, kwa sababu hayo ndiyo yanayorudisha nafasi. Kama nodi zenu zinaelewa vipaumbele vya RFC 7944, kumbuka 0 ndicho cha juu, 15 cha chini, na ujumbe usio na alama huhesabiwa 10. Unayemkataa mjibu 3004. Ukimtupa kimyakimya atasubiri subira yake yote kisha atarudi na ombi lilelile.

Hatua ya 7: Jaribu kwa kukata, kisha ingiza upande mmoja

Kwenye mtandao wa majaribio, tuma maombi mfululizo kisha kata njia moja ya SCTP. Ikate kwenye swichi iliyo mbali, usishushe kiolesura cha mashine yenyewe, maana hapo kerneli inajua papo hapo na utapata matokeo mazuri yasiyo ya kweli. Fungua Wireshark ukitumia vichujio hivi kimoja baada ya kingine:

```
diameter.cmd.code == 280
diameter.Result-Code == 3002
```

Cha kwanza kinaonyesha DWR na majibu yake. Cha pili kinaonyesha waliokosa njia. Pima umbali kati ya ombi na jibu lake wakati wa kukatika, na ulinganishe na subira uliyoiandika. Halafu zima HSS moja ghafla, urudie.

Matokeo yakikuridhisha, badilisha routa moja ya jozi na uache nyingine na mipangilio ya zamani. Izime kwa utaratibu ili itume DPR (ujumbe wa kuaga) yenye sababu 0, inayosema inawashwa upya, na majirani watajua wanaweza kujaribu kuunganisha tena. Sababu 1 na 2 huwaambia wasirudi, na baadhi ya nodi hutii hadi mtu aingie kwa mkono. Iache routa hiyo ipite kipindi kizima cha msongamano wa siku kabla ya kugusa ya pili.